Jinsi ya kuandika riwaya ya upelelezi ya vijana ndani ya shule ya bweni yenye siri: mwongozo kamili

Shule ya bweni humpa mwandishi wa upelelezi vitu ambavyo mandhari nyingine humnyima. Ina geti lenye mlinzi. Ina mamia ya watu wanaoamka, kula na kulala kwa kengele moja. Funguo ziko mikononi mwa wachache. Na kila aliyemo ana sababu ya kunyamaza: mwanafunzi anaogopa kufukuzwa, mwalimu anaogopa kupoteza kazi, mkuu wa shule anaogopa jina la shule kuchafuka. Kijana anayeuliza maswali mahali kama hapo anapambana na ukimya wa watu wengi kwa mpigo, na ukimya huo ndio riwaya yenyewe.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuwaandikia wasomaji wa miaka 12 hadi 18, kutoka wazo la kwanza hadi rasimu inayoweza kusomwa na mtu mwingine. Nitautembeza mfano mmoja wa kubuni hatua kwa hatua, maana ushauri usio na mfano husahaulika haraka.

Hatua ya 1: Tunga siri kabla ya tukio

Waandishi wengi huanza na tukio: mwanafunzi ametoweka, maabara imeungua, daftari la mkuu limeibwa. Tukio ni la usiku mmoja, lakini siri ina miaka. Ukiwa na tukio peke yake, kufikia sura ya saba utakuwa unatafuta la kusema. Ukiwa na siri, kila mlango anaougusa mpelelezi wako una kitu nyuma yake.

Chukua karatasi ujibu maswali haya kwa maandishi: shule inaficha nini? Tangu lini? Nani ananufaika? Nani anajua yote, na nani anajua nusu? Swali la mwisho ndilo lenye mali. Anayejua nusu hajioni kuwa mhalifu, kwa hiyo husema maneno ambayo mhalifu mwenyewe asingethubutu kuyatamka.

Mfano wetu ni shule inayosifika kwa matokeo ya mitihani. Kwa miaka tisa maswali yamekuwa yakifika shuleni mapema, na mwalimu mmoja amekuwa akiandika majibu na kuyagawa kwa wanafunzi wachache waliochaguliwa. Salma, anayesaidia kupanga vitabu maktabani, anakuta karatasi za majibu ndani ya jalada la zamani. Tarehe zilizoandikwa juu yake zinatangulia tarehe za mitihani. Wiki hiyohiyo Salma haonekani tena.

Chagua siri ambayo hata mtu mwema angeweza kuilinda. Mwalimu wetu alianza kwa kumsaidia mtoto mmoja aliyekuwa karibu kuacha shule kwa kukata tamaa. Mwaka uliofuata wakawa watatu. Msomaji kijana ana akili ya kutosha kuelewa kwamba ubaya mkubwa unaweza kuanza kwa huruma, na ukimletea jitu lenye meno marefu badala ya binadamu atajiona amedharauliwa.

Hatua ya 2: Andika hadithi iliyofichwa

Riwaya ya upelelezi ina hadithi mbili. Ya kwanza ni ile iliyotokea kweli, ya pili ni ya mtu anayeitafuta ile ya kwanza. Andika ya kwanza yote kabla ya kugusa sura yoyote, kurasa mbili au tatu, kwa mfuatano wa siku na saa, ukiwa umesimama upande wa mhalifu. Alijua nini lini? Alidanganya wapi? Kosa lake la kwanza lilikuwa lipi?

Katika mfano wetu, Salma hakutekwa na mtu. Alimwendea mwalimu huyo akamwuliza kuhusu karatasi, naye akamtisha kwamba ufadhili wake utakatwa. Salma akatoroka. Mlinzi wa geti la nyuma alimhurumia akamfungulia, na sasa hawezi kusema neno bila kujiponza. Mwalimu hajui Salma yuko wapi wala kama amezibeba zile karatasi. Anahitaji muda, kwa hiyo kwenye daftari la mahudhurio ya masomo ya jioni anaweka alama kuonyesha kwamba Salma yupo.

Hapo riwaya inapata uti wa mgongo. Neema, anayelala kitanda cha chini chini ya kile cha Salma, anaanza kumtafuta rafiki yake, na mwalimu anayependwa na wote anajitolea kumsaidia. Msomaji atamwona mlezi mwema. Ukweli ni kwamba anamtumia Neema kumpata Salma. Mgeuko wa namna hii huwezi kuubuni sura ya 25 ukiwa umechoka. Hutokana na kujua mhalifu alitaka nini tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 3: Chora ramani, kisha ratiba

Ramani ni kazi ya nusu saa. Weka mabweni, bwalo, madarasa, maktaba, ofisi, zahanati, stoo, nyumba za walimu, geti kuu na geti la nyuma. Andika mwendo wa miguu kati ya sehemu na sehemu kwa dakika. Onyesha taa ziko wapi usiku na giza liko wapi.

Ratiba idai muda wako zaidi, kwa sababu ndiyo inayofanya hadithi hii iwe ya bweni na isiwe ya mahali pengine popote. Iandike nzima: kengele ya kuamka saa 11:00 alfajiri, chakula cha jioni saa 12:30, masomo ya jioni kuanzia saa 1:30 hadi 3:30 usiku, taa kuzimwa saa 4:00. Ongeza zamu za walinzi, mwalimu wa zamu, matroni anayekagua vitanda, kiranja anayefunga mlango. Kisha tafuta nyufa. Mlinzi anapobadilishana zamu na mwenzake saa 1:00 usiku, wanafunzi bado wako bwaloni na geti la nyuma liko mikononi mwa mtu mmoja. Salma alipita kwenye ufa huo.

Sasa angalia ratiba inavyozaa ushahidi. Daftari linasema Salma alikuwa darasani saa 1:30 usiku. Neema anakumbuka kiti kitupu pembeni yake. Mmoja kati ya daftari na kumbukumbu ya Neema anadanganya, na daftari lina sahihi ya mtu mzima anayeheshimika. Nani atamwamini msichana?

Neno moja kuhusu njia za chinichini na milango iliyofichwa ukutani, maana shule hizi huzivuta. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri na mwandishi wa Uingereza, aliandika kanuni kumi za hadithi za upelelezi, na moja yake inaruhusu chumba au njia ya siri isiyozidi moja. Mimi naongeza sharti: iwe imetajwa mapema kwa sababu nyingine kabisa, kwa mfano kama mfereji wa zamani ambao wanafunzi wa mwaka wa kwanza wamekatazwa kucheza karibu nao.

Hatua ya 4: Mpe mpelelezi sababu, na umpe cha kupoteza

Maswali mawili yatamsumbua msomaji tangu ukurasa wa kwanza, hata kama hajui kuyasema. Kwa nini kijana huyu? Na kwa nini asimwambie mtu mzima?

Kwa la kwanza, udadisi hautoshi. Neema ndiye mtu pekee anayejua kwamba Salma hulala na soksi mguu mmoja, kwamba asingeondoka bila daftari lake la kijani. Undani wa kuishi kitanda juu ya kitanda unampa ushahidi ambao polisi hawawezi kuupata.

Kwa la pili, usiwafanye watu wazima wote wapumbavu. Mwache Neema aseme, na aseme mapema. Aende kwa matroni, aambiwe Salma amepewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Aende kwa makamu mkuu, aonyeshwe daftari lenye alama. Simu haziruhusiwi, barua zinapita ofisini, siku ya wazazi iko mbali. Kila mlango ufungwe kwa sababu inayoeleweka, na hapo msomaji mwenyewe atamsukuma Neema atoke bwenini usiku.

Kisha cha kupoteza. Hapa ndipo riwaya za vijana huinuka au huporomoka. Kumtishia mpelelezi kwa kufukuzwa ni jambo jema ila ni jepesi. Fanya ukweli wenyewe umuumize. Neema naye ana cheti. Mwaka jana alifaulu vizuri mno, na kadiri anavyochimba ndivyo anavyogundua kwamba karatasi za mazoezi alizopewa na mwalimu wake mpendwa zilikuwa zilezile. Akifichua, matokeo yake yanafutwa pamoja na ya wengine. Sasa hatafuti tena jibu tu, anaamua yeye ni mtu wa namna gani.

Hatua ya 5: Washukiwa, kila mmoja na uongo wake

Wanne au watano wanatosha. Mhalifu aonekane mapema, jambo ambalo Knox pia alilisisitiza katika kanuni yake ya kwanza. Kumleta sura ya 20 ni kumdhulumu msomaji.

Kila mshukiwa adanganye kuhusu jambo fulani, ila mmoja tu adanganye kuhusu jambo lenyewe. Makamu mkuu anatembea usiku kwa sababu mwanawe ni mgonjwa na hataki wenzake wajue. Dada mkuu amechoma karatasi nyuma ya bweni, kumbe ni barua za mapenzi. Uongo mdogo unapofichuliwa, usiutupe kama ganda tupu. Neema aliyemfuata makamu mkuu hadi mlangoni akasikia mtoto akikohoa anapaswa kuona aibu, na aibu hiyo imfanye asite wakati ambao hakupaswa kusita. Mshukiwa asiye na hatia awe na uzito wake katika hadithi.

Hatua ya 6: Panda vidokezo kwa haki

Kaa hapa kwa muda mrefu. Ahadi ya riwaya ya upelelezi ni kwamba msomaji anaona kila anachokiona mpelelezi, wakati uleule. Ukikiuka ahadi hiyo, hata mwisho mtamu utaonja uchungu.

Kidokezo hufichwa kwa kuwekwa wazi mahali ambapo jicho linatazama kitu kingine. Mwaka 1844 Edgar Allan Poe alichapisha hadithi ya barua iliyoibwa ambayo polisi wanaikosa baada ya kupekua nyumba nzima, ilhali iko mbele ya macho yao. Namna za kufanya hivyo ni nyingi. Nizitaje zile ninazoziamini.

Weka kidokezo ndani ya orodha, na kisiwe cha mwisho, kwa kuwa kitu cha mwisho hubaki kichwani. Kabati la Salma lina sabuni, kanga, viatu vya michezo, dawa ya meno, rula iliyovunjika. Daftari la kijani halimo, na hukulitaja.

Kiweke katikati ya kicheko au ugomvi. Sura ya pili, mwalimu anaandika tarehe ubaoni na kukata mstari mdogo katikati ya tarakimu 7, kama watu wengine wanavyofanya. Mwanafunzi mmoja anamwiga, darasa linacheka, naye mwalimu anacheka pia. Msomaji anabaki na ucheshi wa mwalimu. Sura ya 22 Neema anashika karatasi za majibu zenye tarehe, na kila 7 ina mstari katikati.

Tumia pia kinachokosekana. Katika hadithi moja ya Arthur Conan Doyle ya mwaka 1892, Sherlock Holmes anang'amua jambo kutokana na mbwa ambaye hakubweka usiku. Mwalimu wetu anamwuliza Neema mara nyingi Salma alielekea wapi, alibeba nini, alimwandikia nani. Hata siku moja haulizi kama Salma yuko salama. Huhitaji kuliandika hilo popote. Andika mazungumzo, uache swali lile lisiulizwe.

Mwishowe, kidokezo kionekane kabla ya maana yake. Ukikileta pamoja na maana, msomaji ataona umemsaidia mpelelezi wako kwa bahati. Bahati irundike matatizo, isiyatatue.

Chora jedwali lenye safu nne: kidokezo, sura kinapoonekana, msomaji atafikiri kinamaanisha nini, kinamaanisha nini kweli. Vidokezo vya kweli saba au nane vinatosha kitabu kizima. Kama safu ya tatu na ya nne zinafanana kwa kidokezo fulani kabla ya nusu ya kitabu, kifiche vizuri zaidi au kisogeze mbele.

Hatua ya 7: Panga sura

Riwaya nyingi za vijana zinazoandikwa kwa Kiingereza huwa na maneno 50,000 hadi 80,000. Kwa Kiswahili kisa hichohicho hutumia maneno machache zaidi, kwa kuwa kitenzi kimoja kinabeba mtenda, wakati na mtendwa. Sura 30 za maneno 1,500 ni lengo zuri.

Salma atoweke kabla ya sura ya tatu kwisha. Kabla ya hapo tumpende, hata kwa kurasa kumi: msomaji hamtafuti mtu asiyemjua. Katikati ya kitabu, karibu na sura ya 15, geuza swali. Hadi hapo Neema anauliza Salma yuko wapi; anapoonana na mlinzi na kusikia kwamba Salma alitoka kwa miguu yake mwenyewe, swali linakuwa alikuwa anamkimbia nani. Robo ya mwisho iwe ya saa chache tu za hadithi, na kengele zisikike zaidi.

Si lazima kila sura iishie kwa mlango kugongwa. Taharuki ya kweli huja pale msomaji anapojua jambo ambalo mhusika hajalijua, au mhusika anapofanya uamuzi asioweza kuurudisha.

Hatua ya 8: Sauti ya kijana

Nafsi ya kwanza ndiyo chaguo langu kwa aina hii ya kitabu. Inamfungia msomaji ndani ya kichwa kimoja, naye anakosea pamoja na msimulizi. Ukitumia nafsi ya tatu, shikamana na mhusika mmoja, usiruke kuingia akilini mwa mwalimu hata kwa sentensi moja.

Misimu ya mitaani huchakaa upesi. Buni misimu ya shule yako yenyewe. Kengele ya saa 4:00 waiite "zima mdomo." Aliyesimamishwa masomo asemwe "amepewa mlima." Wanafunzi waliochaguliwa kupewa mazoezi ya ziada waitwe "watu wa chai," na kwa sura nyingi msomaji adhani ni utani usio na maana. Sasa lugha yako nayo imebeba kidokezo.

Adabu nayo ina kazi. Neema atamwamkia mwalimu "Shikamoo, mwalimu" hata siku anapojua. Siku anayonyamaza, naye mwalimu akatambua kwamba amenyamaza, una tukio zito bila mtu kupaza sauti. Ukali wa mwanafunzi kwa mkubwa katika Kiswahili hukaa kwenye kile asichokisema, kwa hiyo jihadhari na majibizano makavu ambayo kijana halisi asingeyatamka mbele ya mwalimu wake.

Na usihubiri. Ukiona mhusika anatoa somo la maadili kwa aya nzima, ifute.

Hatua ya 9: Mambo mazito

Siri za shule za bweni katika fasihi mara nyingi hugusa uonevu, ukatili, unyanyasaji au kujidhuru. Unaweza kuyaandika, na vijana wanastahili vitabu visivyowadanganya. Usionyeshe njia ya kujidhuru kwa undani. Usimfanye mtoto aliyetendewa ubaya awe pambo la kushtua, wala adhabu ya ujasiri wake isiwe kupotea kwenye hadithi. Mpe angalau mtu mzima mmoja anayemsikiliza na kuchukua hatua, hata kama anachelewa kufika. Msomaji wako anaweza kuwa amelala kwenye bweni usiku huo akisoma kwa tochi, akijiuliza kama kuna wa kumwambia.

Hatua ya 10: Ufichuzi

Epuka mkutano ambapo mpelelezi anawaeleza watu waliokaa kimya. Kijana hana mamlaka ya kuwaketisha walimu. Tafuta njia inayotokana na shule yenyewe. Neema anajua mwalimu atamfuata popote anapoamini karatasi zilipo. Anamwambia ziko maktabani, nyuma ya rafu ya majalada, wakati wa chakula cha jioni. Makamu mkuu, yule aliyeshukiwa bure, yuko ndani ya chumba hicho. Mwalimu anaingia na kwenda moja kwa moja kwenye jalada sahihi, ambalo Neema hakulitaja. Maelezo mengine yanaweza kufupishwa, kitendo kimeshasema.

Mpe mhalifu nafasi ya kuzungumza, kidogo, na umwache aamini anachosema. "Uliingia hapa ukiwa huwezi kuandika insha, Neema. Nani alikaa na wewe?" Swali hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana linauma.

Baada ya hapo onyesha gharama kwa sura moja au mbili. Mitihani inarudiwa. Wapo wanaomchukia Neema kwa haki yao. Salma anarudi, na urafiki wao haujui uanzie wapi.

Hatua ya 11: Rasimu ya pili na wasomaji wa majaribio

Weka rasimu kando kwa wiki kadhaa. Ukirudi, soma mara ya kwanza ukiwa na ratiba mkononi, ukikagua saa tu: nani alikuwa wapi, na mwendo unawezekana kwa dakika ulizoandika? Mara ya pili soma ukiwa na jedwali la vidokezo. Lugha iache hadi mara ya tatu, maana sentensi uliyoing'arisha ni ngumu kuifuta.

Kisha tafuta wasomaji watano, angalau watatu wawe wa rika la kitabu, na kwa walio wadogo omba kwanza ruhusa ya wazazi au walezi wao. Waombe wasimame sura ya 10, ya 18 na ya 24, na kila mara waandike jina la wanayemshuku na sababu yake, bila kushauriana. Wote wakimtaja mwalimu sura ya 10, umemfanya mwema kupita kiasi. Mpe kasoro ya kawaida, kama kusahau majina au kukasirika upesi akisahihisha kazi. Wasipomtaja hata sura ya 24, waulize baada ya kumaliza wanakumbuka vidokezo gani. Wanaokumbuka vitatu au zaidi wamechezewa kwa haki. Wasiokumbuka hata kimoja wanakuambia vidokezo vimezama mno, kwa hiyo chagua viwili na uvirudie kwa sura nyingine: mstari wa 7 uonekane tena sura ya 13, kwenye kikaratasi cha ruhusa ambacho mwalimu anamsainia Neema akiwa na haraka ya kwenda zahanati.